Kipimo cha jeni au kiwango cha dawa: kipi kianze kwa mgonjwa wa skizofrenia?

Swali: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24 na huu ni mwaka wa tatu anaugua ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Risperidoni ilimkakamaza mwili na kumtetemesha mikono. Olanzapini ilimnenepesha, na sauti anazosikia hazikuisha. Daktari wake sasa anataka kumwanzishia klozapini. Nimeona maabara inauza kifurushi cha “jeni na viashiria vya damu” na kudai kitamchagulia dawa inayomfaa. Je, tulipie? Na kama ugonjwa huu uko kwenye jeni, watoto wangu mimi dada yake wako salama?

Jibu: Marahaba, dada, na poleni kwa kuuguza. Kifurushi hicho kiacheni kwanza. Sisemi kwamba jeni hazina kazi kwenye dawa za skizofrenia. Zina kazi, ila ni jeni chache, kwa dawa chache, na zinajibu swali dogo kuliko lile mnalouziwa. Swali mlilonalo mkononi ni kwa nini dawa mbili zimeshindwa, na hilo hujibiwa vizuri zaidi na kipimo ambacho wauza vifurushi hawana haraka ya kukitaja: kiwango cha dawa yenyewe ndani ya damu.

Kwanza tuondoe dhana moja. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha kwamba mtu ana skizofrenia. Ugonjwa hutambuliwa kwa mazungumzo, kwa uchunguzi wa akili na kwa historia inayotolewa na watu wanaoishi na mgonjwa. Mwaka 2010 kampuni moja ya Marekani ilitoa kipimo cha protini 51 za damu kwa ajili hiyo, nacho hakikudumu sokoni. Tatizo la viashiria vya namna hiyo halijabadilika: ukilinganisha kundi la wagonjwa na kundi la wasiougua unaona tofauti ya wastani, lakini ukimchukua mtu mmoja mmoja makundi hayo yanaingiliana mno. CRP na interlukini-6, protini za damu zinazopanda mwili ukiwa na uvimbe, kwa mfano, huwa juu kidogo kwa wagonjwa wengi wa skizofrenia. Huwa juu pia kwa mwenye jino bovu, mnene, mvuta sigara na aliyetoka kuugua mafua.

Damu inayotolewa mwanzoni mwa ugonjwa hutafuta kitu kingine kabisa, yaani ugonjwa mwingine uliovaa sura ya skizofrenia. Hupimwa tezi ya shingo, kaswende, VVU, vitamini B12, sukari, chumvi za damu, figo na ini, na mkojo kwa ajili ya dawa za kulevya. Kijana anayetetemeka na ambaye vipimo vya ini lake si vizuri apimwe pia seruloplasmini, protini inayobeba shaba kwenye damu, kwa sababu ugonjwa wa Wilson, ule wa madini ya shaba kujazana mwilini, unaweza kuanza na dalili za akili. Na kama hali ilimjia ghafla ndani ya siku au wiki chache, ikiambatana na degedege, kupoteza kumbukumbu au midomo na uso kuchezacheza bila hiari, hapo daktari hutafuta kingamwili zinazoshambulia vipokezi vya NMDA kwenye ubongo. Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 2007 na unatibika kwa dawa za kutuliza kinga. Kingamwili hizo zitafutwe kwenye maji ya uti wa mgongo pia, maana damu peke yake inaweza kudanganya. Kama vipimo hivi havikufanywa miaka mitatu iliyopita, ulizeni. Havijapitwa na wakati.

Sasa jeni zenyewe. Matangazo ya vifurushi huchanganya makundi mawili yasiyohusiana, na mnunuzi hajui kauziwa lipi.

Kundi la kwanza ni jeni zinazoongeza uwezekano wa kuugua. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliopima wagonjwa zaidi ya 76,000, ulibaini maeneo 287 kwenye vinasaba yanayohusiana na skizofrenia. Karibu kila eneo linaongeza uwezekano huo kwa kiasi kidogo mno. Wataalamu huyajumlisha kuwa alama moja ya hatari, lakini alama hiyo haitambui ugonjwa wala haichagui dawa. Isitoshe, imejengwa zaidi kwa takwimu za watu wenye asili ya Ulaya, na ukiipeleka kwa watu wenye asili ya Afrika uwezo wake wa kubashiri hushuka sana. Karatasi ikisema mdogo wako ana “hatari ya juu”, itakuwa imekwambia habari ya mwaka jana, kwa sababu mgonjwa tayari mnaye.

Kundi la pili ni jeni za vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa. Hapa ndipo penye manufaa, na mhusika mkuu anaitwa CYP2D6. Kimeng'enya hiki huvunja risperidoni, haloperidoli, aripiprazoli na nyingine kadhaa. Wapo watu ambao chao hakifanyi kazi kabisa; tuwaite wavunjaji hafifu. Wapo wenye nakala za ziada za jeni hiyo, na dawa huisha mwilini mwao kabla haijafanya kazi. Hao ni wavunjaji wa kasi mno. Tofauti si ndogo. Aripiprazoli huchukua saa kama 75 kupungua nusu katika damu ya mtu wa kawaida. Kwa mvunjaji hafifu ni saa 146, siku sita nzima. Ndiyo maana maelezo rasmi ya dawa hiyo yanasema mvunjaji hafifu apewe nusu ya dozi ya kawaida. Mwongozo wa wafamasia wa Uholanzi unashauri mvunjaji hafifu apewe asilimia 67 ya dozi ya risperidoni, na asilimia 60 ya haloperidoli.

Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari kuhusu ule ukakamavu ni hili: ulianza akiwa kwenye miligramu ngapi? Kama alikakamaa kwa miligramu 1 au 2 za risperidoni kwa siku, kuna sababu ya kushuku kwamba ini lake halivunji dawa ipasavyo. Kama alikuwa kwenye miligramu 8, hatuhitaji jeni kueleza chochote. Watu wengi hutibika kwa miligramu 4 hadi 6, na kupita 6 ukakamavu huongezeka kwa karibu kila mtu.

Ulizeni pia alikuwa akinywa nini pamoja nayo. Fluoksetini, paroksetini na bupropioni hufunga CYP2D6. Mgonjwa mwenye jeni nzuri kabisa akipewa paroksetini kwa ajili ya huzuni, ini lake hufanya kazi kama la mvunjaji hafifu, na karatasi ya jeni itaendelea kumwita “wa kawaida”. Hili ni kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote katika usomaji wa majibu ya jeni. Jeni huonyesha ini lilivyozaliwa. Dawa anazokunywa leo hazimo kwenye karatasi hiyo.

Iwapo siku moja mtapima CYP2D6, ombeni maabara iandike ni matoleo gani ya jeni inayotafuta. Matoleo hayo hutajwa kwa namba zenye nyota. Maabara inayotafuta *3, *4, *5 na *6 pekee imetengenezwa kwa Wazungu. Toleo *17 na *29, ambayo hupunguza kasi ya kimeng'enya, huonekana sana kwa watu wenye asili ya Afrika, na *10 kwa Waasia wa mashariki. Maabara isiyoyatafuta haitaandika “hatujui”. Itaandika “kawaida”, kwa sababu lolote isilolitafuta hulihesabu kuwa toleo zima. Orodha ya chini inayokubalika na wataalamu wa vinasaba ina *2 hadi *6, *9, *10, *17, *29 na *41, pamoja na hesabu ya nakala za jeni. Hesabu ya nakala isiachwe: utafiti wa mwaka 1996 uliwakuta karibu asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa wakiwa na nakala za ziada, na watu hao kwa kipimo nafuu wanasomeka kama wavunjaji wa kawaida.

Hata kipimo kikiwa kizuri, angalieni dawa inayofuata. Klozapini huvunjwa zaidi na kimeng'enya kingine, CYP1A2, ambacho kasi yake hupandishwa na kushushwa na moshi wa sigara, dawa nyingine na homa, kuliko na jeni. Olanzapini nayo ni hivyo hivyo kwa sehemu kubwa. Kwa mgonjwa anayeelekea klozapini, karatasi ya CYP2D6 ina machache sana ya kusema. Na hakuna jeni hata moja, ya ini au ya ubongo, inayoweza kutabiri leo kwamba dawa fulani itamwondolea fulani sauti.

Tugeukie kiwango cha dawa. Hiki ni kipimo cha damu ya kawaida kinachojibu maswali matatu kwa mpigo: je, dawa inamezwa, je, ini linaivunja kwa kasi gani, je, dozi inatosha? Jeni hujibu la pili tu, tena kwa kukisia. Daktari akisema ugonjwa “umegoma dawa”, maana yake kitaalamu ni kwamba dawa mbili tofauti zimejaribiwa, kila moja kwa angalau wiki 6, kwa dozi inayotosha, na mgonjwa akazimeza kweli. Hiyo sehemu ya mwisho haithibitishwi kwa kuuliza. Miongozo ya watafiti inataka damu ipimwe walau mara moja, na ikiwezekana mara mbili, bila kumtangazia mgonjwa. Si wachache wanaohamishiwa klozapini huku dawa ya kwanza haikuwahi kufika kwenye damu kwa kiasi cha kutibu. Na kama mdogo wako anavuta sigara, olanzapini yake inaweza kuwa ilikuwa inavunjwa na ini kabla ya kufika kichwani.

Namna damu inavyotolewa ndiyo inayoharibu kipimo hiki mara nyingi. Damu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho ya jioni, kabla ya dozi ya asubuhi. Mgonjwa akimeza dawa asubuhi halafu akaenda maabara, namba itakuwa juu kwa uongo, na daktari anaweza kupunguza dozi iliyokuwa sahihi. Anayechomwa sindano ya muda mrefu atolewe damu siku ile ile ya sindano inayofuata, kabla ya kuchomwa. Dozi ikibadilishwa, subirini dawa itulie mwilini: siku 5 hadi 7 kwa klozapini, lakini siku 14 kwa aripiprazoli kwa sababu huchelewa kuisha mwilini. Kichupa kiwe chenye EDTA, kile cha kifuniko cha zambarau, au kama maabara yenyewe inavyoelekeza, lakini kisiwe chenye jeli ya kutenganisha damu. Jeli hunyonya baadhi ya dawa na kushusha namba. Kwenye fomu yaandikwe mambo matano: dozi, saa ya dozi ya mwisho, saa ya kutoa damu, dawa nyingine zote, na kama anavuta sigara. Fomu isiyo na saa mbili hizo haina thamani, hata maabara ikiwa bora namna gani.

Viwango vinavyolengwa, kwa nanogramu kwa mililita, ni hivi: olanzapini 20 hadi 80, haloperidoli 1 hadi 10, aripiprazoli 100 hadi 350, klozapini 350 hadi 600. Kwa risperidoni hujumlishwa dawa yenyewe na zao lake liitwalo 9-haidroksirisperidoni, na jumla iwe 20 hadi 60. Hapo kuna siri nzuri. Kwa kawaida zao hilo huwa jingi kuliko risperidoni yenyewe. Ikiwa risperidoni ndiyo iliyozidi, ini halivunji, ama kwa sababu ya jeni ya CYP2D6 au kwa sababu ya dawa inayoifunga. Yaani kipimo cha kiwango kimekwambia habari ya jeni bila kupima jeni. Baadhi ya maabara huandika klozapini kwa nanomoli kwa lita. Nanogramu 350 kwa mililita ni sawa na takribani nanomoli 1,070 kwa lita. Watu wameshapunguziwa dozi kwa kuchanganya vipimo hivyo viwili.

Mkishaamua klozapini, basi damu itakuwa rafiki wa kila wiki. Inafaa kujua sababu. Mwaka 1975 huko Ufini wagonjwa 8 waliokuwa kwenye dawa hiyo walikufa baada ya chembe nyeupe za damu kuporomoka. Dawa ikawekwa kando katika nchi nyingi. Ilirudi baada ya utafiti wa mwaka 1988 ambapo asilimia 30 ya wagonjwa waliogoma dawa nyingine walipata nafuu kwa klozapini, dhidi ya asilimia 4 kwa klopromazini, na sharti lililoambatana nayo lilikuwa kuhesabu damu. Kuporomoka kwa kiwango cha hatari hutokea kwa takribani mtu 1 kati ya 100, sehemu kubwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na kwa kuwa damu hupimwa, wanaokufa kwa sababu hiyo ni wachache sana.

Kinachohesabiwa ni nyutrofili, aina moja ya chembe nyeupe. Kama maabara imeandika asilimia tu, zidisheni jumla ya chembe nyeupe kwa asilimia hiyo: jumla ya 3,200 na nyutrofili asilimia 42 ni 1,344. Kwa kawaida dawa huanzishwa zikiwa 1,500 au zaidi kwa maikrolita. Kati ya 1,000 na 1,499, kwa taratibu za Marekani, dawa inaendelea lakini damu hupimwa mara tatu kwa wiki. Chini ya 1,000 dawa husimamishwa. Ratiba yenyewe imelegezwa. Marekani iliondoa mwaka 2025 ule mpango wa lazima wa kuwasajili wagonjwa wa klozapini, ingawa ushauri wa kupima umebaki: kila wiki miezi 6, kila wiki mbili hadi mwaka utimie, kisha kila mwezi. Ulaya mwaka huo huo ikaenda kwenye kila wiki kwa wiki 18, kila mwezi hadi mwaka utimie, kila wiki 12 mwaka wa pili, na baada ya hapo mara moja kwa mwaka, iwapo nyutrofili hazikuwahi kushuka. Fuateni ratiba inayotumika mahali anapotibiwa.

Hapa ndipo jeni moja, ambayo vifurushi vingi havinayo, inaweza kuamua kama mgonjwa atapata dawa au atanyimwa. Watu wengi wenye asili ya Afrika, Uarabuni na sehemu za Mashariki ya Kati wana toleo la jeni ya ACKR1 linaloondoa alama iitwayo Duffy kwenye chembe nyekundu. Alama hiyo ndiyo mlango wa vimelea vya malaria aina ya vivax, kwa hiyo kukosekana kwake ni kinga. Lakini watu hao huzaliwa na kuishi na nyutrofili chache zaidi katika damu inayopimwa, na hawaugui maambukizi kuliko wengine. Mtu wa namna hiyo mwenye nyutrofili 1,200 tangu utotoni akipimwa kwa kipimo cha 1,500, huambiwa hafai klozapini. Au huanzishwa, kisha husimamishwa kwa sababu ya hesabu ambayo ni yake siku zote. Tangu 2015 kanuni za Marekani zina mizani tofauti kwao: dawa huanzishwa zikiwa 1,000 au zaidi, hupimwa mara tatu kwa wiki zikiwa 500 hadi 999, na husimamishwa zikiwa chini ya 500. Kulithibitisha hakuhitaji maabara ya vinasaba. Benki ya damu inaweza kupima kundi la Duffy kwa tone la damu, na jibu huandikwa Fy(a-b-). Kabla ya kuanza, tafuteni pia majibu yote ya zamani ya hesabu ya damu ya mdogo wako, hata ya miaka mitano iliyopita. Nyutrofili zilizokuwa chache kabla ya dawa hazikushushwa na dawa.

Nyutrofili hushuka na kupanda ndani ya siku. Asubuhi mapema ni chache zaidi. Jibu likiwa chini kidogo tu ya mstari na mgonjwa hana homa, wengi hurudia kipimo mchana kabla ya kufanya uamuzi mzito. Akiwa na homa au koo likimuuma, msisubiri siku ya ratiba. Apimwe siku hiyo hiyo.

Wiki nne za mwanzo zina hatari nyingine isiyoonekana kwenye hesabu ya nyutrofili: kuvimba kwa misuli ya moyo. Utaratibu uliotoka Australia ni kupima troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia, na CRP kabla ya dozi ya kwanza na kisha kila wiki kwa wiki nne. Troponini ikipita mara mbili ya kikomo cha juu, au CRP ikizidi miligramu 100 kwa lita, dawa husimamishwa na moyo hupigwa picha ya mawimbi ya sauti. Hii ndiyo kazi halali ya CRP katika ugonjwa huu, na ni mbali na ile ya kwenye vifurushi.

Sigara inahitaji maneno zaidi kidogo, kwa sababu ndiyo inayopindua viwango vya klozapini kimya kimya. Moshi ndio unaochochea CYP1A2. Nikotini haina mchango. Mvutaji akilazwa kwenye wodi isiyoruhusu sigara, au akihamia kwenye pipi na bandiko za nikotini, uchocheo huo hukoma na ndani ya wiki moja kiwango cha klozapini kinaweza kupanda kwa nusu au zaidi. Dalili ni usingizi mzito, mate kumdondoka kupita kiasi, kuyumba, na mwishowe degedege. Msimpongeze kwa kuacha sigara bila kumwarifu daktari: dozi hupunguzwa kwa takribani robo katika wiki ile ya kwanza na kiwango hupimwa tena. Akirudia sigara, kinyume chake hutokea na sauti hurudi. Fluvoksamini na siprofloksasini hufunga kimeng'enya hicho hicho. Fluvoksamini inaweza kuzidisha klozapini mara tano au kumi. Nimonia kali nayo hupandisha kiwango, kwa kuwa mwili wenye uvimbe mkubwa hupunguza kazi ya ini. Kumbukeni pia kwamba akikosa klozapini kwa zaidi ya saa 48 hatakiwi kurudi kwenye dozi yake ya zamani. Huanza upya na miligramu 12.5, na kupandishwa chini ya uangalizi.

Na nje ya damu kabisa: choo. Klozapini hupunguza mwendo wa utumbo, na kufunga choo kunakoachwa kumeua wagonjwa wengi kuliko watu wanavyodhani. Hakuna kipimo cha maabara kinachokitangulia. Ulizeni kila siku.

Sukari, mafuta na uzito hupimwa kabla ya kuanza, uzito tena wiki ya 4, ya 8 na ya 12, sukari na mafuta wiki ya 12, kisha kila mwaka. Uzito ukipanda kwa asilimia 5 ya ule wa mwanzo ni wakati wa kuzungumza, usisubiriwe uwe asilimia 20. Kwa kuwa olanzapini ilishamnenepesha, vipimo hivi vifanyike sasa, kabla ya klozapini, ili mjue anaanzia wapi. Tahadhari moja ya kinasaba: mwenye selimundu, hata akiwa mbebaji tu, au mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, anaweza kuonyesha HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, ya chini kuliko sukari yake halisi. Kwake mtegemee sukari ya kufunga. Kuanzia milimoli 7.0 kwa lita, ikithibitishwa mara ya pili, ni kisukari.

Prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, hupimwa zaidi kwa wanaotumia risperidoni, paliperidoni, amisulpridi au haloperidoli, hasa kukiwa na kukosa hedhi, maziwa kutoka, matiti kukua au nguvu za kiume kupungua. Klozapini huigusa kidogo mno. Ikipita nanogramu 150 kwa mililita, isisingiziwe dawa tu. Tezi iliyo chini ya ubongo ichunguzwe.

Vilivyobaki kwenye kifurushi nitavipitia haraka. COMT, DRD2 na HTR2C ni jeni za utafiti, hazibadilishi dozi ya dawa yoyote leo. Kipimo cha jeni ya MTHFR huuzwa pamoja na vidonge vya foliki vya bei ya juu. Kama mna wasiwasi na foliki au B12, pimeni foliki na B12 zenyewe. Histamini ya damu, uwiano wa shaba na zinki, na “piroli” kwenye mkojo ni mabaki ya nadharia za zamani ambazo hazikusimama zilipopimwa upya. Jeni moja ya kinga ya mwili inafaa kwa hali yake: HLA-B*15:02, kwa mtu mwenye asili ya Asia ya kusini-mashariki anayetaka kupewa kabamazepini, kwa sababu mwenye nayo anaweza kubabuka ngozi kwa kiwango cha kuua. Hata hivyo kabamazepini haichanganywi na klozapini, kwa vile nayo hushusha chembe nyeupe.

Kuhusu watoto wako. Skizofrenia hurithiwa kwa sehemu kubwa, lakini mtu hurithi uwezekano, na wengi wenye uwezekano huo hawaugui. Kati ya pacha wa kufanana, wenye vinasaba vile vile, mmoja akiugua mwenzake huugua kwa karibu nusu ya visa au pungufu ya hapo. Mtu yeyote ana uwezekano unaokaribia 1 kwa 100. Ndugu wa tumbo moja au mtoto wa mgonjwa, takribani 10 kwa 100. Watoto wako ni wapwa wa mgonjwa, na kwao ni kama 3 au 4 kwa 100. Hakuna kipimo cha jeni kinachoweza kukwambia ni mtoto yupi, na sishauri kuwapima. Linalofaa kuzuiwa kwao ni bangi, hasa ile kali na hasa katika umri wa ujana, kwa sababu huongeza uwezekano huo juu ya ule wa kurithi.

Kuna hali moja ambayo kipimo cha vinasaba cha mgonjwa mwenyewe kingekuwa cha lazima kwangu. Kipande cha kromosomu ya 22, kiitwacho 22q11.2, hukosekana kwa mgonjwa 1 kati ya 100 hadi 200 wa skizofrenia, na kati ya watu wote wanaokikosa, karibu robo huugua skizofrenia. Dalili za kutazama ni moyo uliozaliwa na kasoro, kaakaa lililopasuka au sauti ya puani, kalsiamu ndogo kwenye damu, degedege, na ugumu wa kujifunza tangu utotoni. Mdogo wako akiwa na mawili kati ya haya, mwambieni daktari aagize uchunguzi wa kromosomu. Majibu yake hubadilisha matibabu: kalsiamu hupimwa na kurekebishwa, moyo huchunguzwa, na klozapini hupandishwa polepole zaidi kwa kuwa watu hao hupata degedege kwa urahisi. Kwa kifurushi mlichokiona, kabla ya kukifikiria tena, waulizeni kama 22q11.2 imo.